Nyama, maharage na bufee za semina

Oktoba 2021 nilifika Berlin kuanza masters, baridi ndo inaanza kukaza, na siku ya pili tu nikaingia mensa, ndo wanavyoita kafeteria za vyuo kule, nikiwa na njaa ya mtu aliyetoka safari. Nikachukua trei, nikasogea na foleni, macho yanatafuta nyama. Kaunta ya kwanza mchuzi wa dengu na viazi. Ya pili boga la kuoka na wali. Ya tatu tambi na sosi ya nyanya. Nikafika kwa keshia sijaiona nyama, nikarudi nyuma kuanza upya nikidhani nimeipita. Wapi. Ilikua ile siku moja ya wiki ambayo nyama haipikwi kabisa.

Niliumia jamani, nasema ukweli. Sio njaa, dengu nilikula na nikashiba. Kilichoniuma ni kingine, mi nimetokea Simiyu kwenye nyumba ya ng'ombe, mtoto unawajua ng'ombe kwa rangi zao kabla hujajua kuhesabu, alafu digrii ya kwanza nimesoma hapa hapa Bongo kwa mkopo, na waliosoma kwa mkopo wananielewa nikisema maharage ni chakula cha boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likiwa limekata. Boom likiingia wiki ya kwanza ni chipsi kuku, mishkaki pale getini, unamwita na rafiki yako mle wote. Wiki ya pili wali nyama kafeteria. Baada ya hapo ni wali maharage mpaka unajua idadi ya punje, na siku nyingine unapiga pasi ndefu, mlo mmoja mzito saa tisa ukusogeze mpaka kesho. Kwaiyo kichwani kwangu nyama ilikua ni kipimo. Ukiila maisha yanaenda, usipoila umefulia. Sasa nimefika Ulaya, nchi yenye hela, nawekewa dengu! Nikampigia rafiki yangu usiku ule nikamwambia huku nako ni kama kule tu ila na baridi juu.

Nilikuja kujua baadae kwamba nilikua nimefika muhula ule ule ambao menyu ilibadilishwa. Shirika linalolisha wanafunzi wa vyuo vya Berlin, mensa na mikahawa 34, kuanzia Oktoba ile lilipanga asilimia 68 ya vyakula visiwe na kitu chochote cha mnyama, asilimia 28 viwe vya mboga vyenye maziwa au mayai, samaki asilimia 2 na nyama asilimia 2. Na sio kwamba mkubwa mmoja aliamka akaamua, wanafunzi wenyewe walikua wanaomba miaka na miaka chakula kisichoharibu hali ya hewa, na walipoulizwa mwaka 2019 karibu theluthi moja walisema hawali nyama na wengine asilimia 13 na kitu hawagusi hata maziwa wala mayai. Kumbuka hii ni nchi ambayo mwaka ule mtu mmoja kwa wastani alikula nyama kama kilo 55. Gawanya kwa wiki, ni kilo nzima na zaidi, kila wiki, kila mtu, pamoja na watoto wachanga na wale wasioila kabisa kwenye hesabu.

Miezi miwili kabla sijafika kulikua na kelele nchi nzima kuhusu soseji. Volkswagen walitoa currywurst kwenye kantini moja ya makao yao makuu Wolfsburg, soseji ile ya kumwagiwa sosi yenye bizari, na wao wana kiwanda chao wenyewe cha kuitengeneza na inauzwa na namba ya spea kama vile ni kipuri cha gari. Gerhard Schröder, aliyekua kansela, akatoka hadharani kuitetea akisema ndo nguvu ya mfanyakazi wa kiwandani. Mwaka 2023 ikarudishwa. Naitaja kwa sababu ilinisaidia kuelewa kwamba sio sisi wa kwetu peke yetu tunaoifanya nyama kuwa heshima, Mjerumani nae ukimgusa soseji yake umemgusa yeye.

Muhula wa pili nikapata kibarua kwenye kantini moja ya wanafunzi, masaa machache kwa wiki, kofia ya wavu kichwani na glavu, nasimama kaunta napakua. Hapo ndo nilianza kujifunza. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba watu wengi hawachagui. Wanakuja na simu mkononi, wana dakika 30 kabla ya kipindi, wanatupa jicho kwenye sufuria la kwanza, likinukia vizuri wanasema hiyo hiyo. Kulikua na mzee mmoja, mwalimu nadhani, kila siku anasogeza trei anasema "das Erste", la kwanza, haangalii hata ni nini, mwaka mzima amekula maharage na dengu na nadhani angeulizwa kama amepunguza nyama angesema hapana. Pili, jina. Siku kibao kikiandikwa kwamba chakula hiki hakina nyama, hakina maziwa, hakina mayai, yaani orodha ya vitu visivyokuwepo, kinabaki. Siku sufuria lile lile, mpishi yule yule, kibao kikiandikwa maharage ya viungo na mahindi na pilipili ya kuchoma, saa saba na nusu nakwangua chini. Tatu, harufu, na hapa sitanii, kama vitunguu havijakaangwa vizuri na bizari nzima haijapasuka kwenye mafuta hakuna hotuba ya mazingira itakayoliuza lile sufuria.

Nilidhani ni macho yangu tu mpaka nikasoma mambo ya Cambridge kule Uingereza. Wale idara yao ya chakula iliacha kununua nyama ya ng'ombe na kondoo tangu 2016, wakawapeleka wapishi kujifunza kupika vyakula vya mimea, vya mboga wakaviweka mbele kwenye kaunta, na hawakupiga kelele. Ripoti yao ya 2019 ilisema hewa ya ukaa kwa kila kilo ya chakula wanachonunua imeshuka kwa asilimia 33, na ardhi inayohitajika kuzalisha kilo hiyo imeshuka asilimia 28. Na watafiti wa hapo hapo waliangalia milo zaidi ya 94,000 kwenye kafeteria za kolej zao, wakakuta kwamba ukiwa na vyakula vinne kimoja ni cha mboga, ukaongeza viwe viwili kati ya vinne, mauzo ya mboga yanapanda kati ya asilimia 41 na 79. Hakuna aliyekatazwa nyama hapo, ipo, inakuangalia, ila haipo peke yake na haiko mbele.

Kosa nililokua nalo mwanzoni ni kudhani nyama ikitoka basi kazi imeisha. Kuna kipindi nilikua nakula tambi na jibini karibu kila siku, jibini ya kutosha, ile inayovutika, najiona nimeokoa dunia. Alafu kwenye somo moja tukapewa zile hesabu maarufu za Poore na Nemecek za 2018, wale waliokusanya taarifa za mashamba kama 38,700 kutoka nchi 119. Kwa wastani wa dunia kilo moja ya nyama ya ng'ombe wa kufugwa kwa ajili ya nyama inaanzia kilo 60 za gesi zinazopasha dunia joto na kwenda juu kutegemea unavyopiga hesabu. Kuku ni kama kilo 6. Njegere kama kilo 1. Na jibini? Inapita 20, yaani inamzidi kuku mbali sana, kwa sababu kilo moja ya jibini inakula lita nyingi za maziwa na maziwa yanatoka kwa ng'ombe yule yule anayecheua. Niliangalia sahani yangu kwa macho mengine.

Habari ya kucheua nikawa naielezea wenzangu darasani mimi, maana nimekua nayo. Wao walidhani gesi inatokea nyuma. Nyingi inatoka mdomoni. Ng'ombe akishiba analala kivulini, anarudisha majani kutoka tumboni anayatafuna upya, na kule ndani kuna vijidudu vinavyovunja yale majani na kutoa methani, anaibeua kidogo kidogo mchana kutwa usiku kucha. Ukikaa nae karibu jioni unamsikia. Na methani ukiipima kwa miaka 100 inapasha joto mara 28 hivi kuliko hewa ya ukaa.

Nikampigia baba. Naomba niiandike hii simu vizuri kwa sababu ilinibadilisha kuliko lile somo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, baridi inasemaje?"

Nikamweleza yote, kucheua, gesi, kilo 60, mensa. Akanisikiliza kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Alafu akauliza, "Sisi mwaka huu tumechinja wangapi?"

Nikafikiria. "Mmoja baba. Kwenye msiba wa babu."

"Na huko wao wanakula lini?"

"Kila siku baba."

"Sasa hiyo habari umeniletea mimi au umekosea namba?"

Hakua anatania, alikua anauliza kweli. Na akaendelea, akanikumbusha kwamba ada yangu ya form five na six ni madume mawili, kwamba shamba la pamba linalimwa na jembe la kukokotwa, kwamba samadi ndo mbolea yetu, kwamba kaka yangu alioa kwa ng'ombe. Nyumba ya ng'ombe lakini wali nyama tulikula sikukuu, siku nyingine ni ugali na mlenda, ugali na maziwa mgando, ugali na dagaa wa kutoka ziwani. Nikabaki na simu mkononi. Ukweli ni kwamba ng'ombe wa baba wanakula majani ambayo binadamu hawezi kuyala, na nguruwe na kuku wengi wa Ulaya, na baadhi ya ng'ombe pia, wanalishwa soya ambayo nyingine inavuka bahari kutoka Amerika Kusini. Simaanishi wa kwetu hawabeui, wanabeua, na malisho yakizidiwa ardhi inabaki vumbi, sisi wa Kanda ya Ziwa tumeliona kwa macho. Ila anayetakiwa kupunguza ni aliyezidisha, na ilibidi mzee wa kijijini anikumbushe.

Mngedhani baada ya simu ile ningerudi nyumbani na akili. Nilirudi 2024, nikapata kazi kwenye chuo kimoja, sikitaji, msaidizi wa mhadhiri, na kitu cha kwanza nilichofanya pamoja na klabu ya mazingira ya wanafunzi ni kuomba kafeteria iwe na Jumatano bila nyama. Tukabandika mabango, ng'ombe amechorwa na moshi, namba zile za kilo 60, tukaona tumemaliza. Jumatano ya kwanza saa saba mchana nusu ya wanafunzi walikua nje ya geti kwa mamantilie. Waliobaki ndani walipata maharage magumu, unayatafuna yanalia, na ndoo ya makombo ikajaa mpaka wakaleta ya pili. Niliisimamia ile ndoo mwenyewe. Wali mweupe, maharage juu, chakula cha watu kinaenda kwa nguruwe wa watu.

Kijana mmoja wa mwaka wa pili akanifuata, kwa adabu kabisa, "Samahani mwalimu, mi nyama nakula boom likiingia tu. Sasa hapo nipunguze ipi?"

Swali la baba lile lile, nusu dunia na miaka miwili baadae. Sikua na jibu la kumpa, nikamwambia una haki, na wiki ile ile mabango tukayabandua.

Kuhusu ule ugumu wa maharage, nikaenda jikoni kumuuliza mama anayesimamia upishi, mtu mzima, wote tunamwita Mama. Aliniangalia kwa huruma. "Mwanangu, nani aliwaambia maharage yanapikwa kama mchele?" Jiko lao lilikua limetoka kwenye kuni kwenda gesi, maana serikali ilitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa mwisho wa Januari 2024. Zamani sufuria la maharage linawekwa alfajiri, gogo linasukumwa taratibu, mpaka saa sita limeiva lenyewe. Sasa hivi kila saa ya moto ni mtungi unaisha, kwaiyo sisi tulipokuja na Jumatano yetu ya ghafla, maharage mengi mara mbili, hayajalowekwa, tena ya msimu wa juzi ambayo hata ufanyeje yanabaki na moyo mgumu, yeye ameambiwa abane gesi. Angefanyaje?

Hili ndo jambo ambalo kwenye mensa hukutani nalo na kwenye zile hesabu za Ulaya halikupi shida. Kwetu sisi mazingira ya sahani hayako kwenye sahani peke yake, yako chini ya sufuria. Maharage yaliyokatiwa miti ya kuni na kuchemka masaa manne sio yale maharage ya kwenye jedwali la hesabu zile. Mama akanionyesha anavyofanya akipewa nafasi: anachambua mchana, jioni analoweka kwenye pipa la plastiki maji yakiwa juu kwa kiganja, asubuhi maji yale anamwaga, punje imevimba na ngozi imelegea, ukiibana kwa kucha inapasuka. Ndo anayapandisha. Muda wa jikoni unapungua sana, gesi inabaki, na tumbo la mlaji halijai upepo. Alichokua anaomba sikuzote ni kuambiwa siku moja kabla. Basi. Siku moja kabla. Na nazi, kama bajeti ingeruhusu.

Wiki mbili baada ya hapo nikaitwa kwenye semina, chuo hicho hicho, mada mabadiliko ya tabianchi. Chai ya saa nne: sambusa za nyama, soseji, mayai ya kuchemsha, supu ya ng'ombe. Mchana bufee: nyama ya mchuzi, kuku wa kukaanga, samaki wa kupaka, vyote vitatu, na watu wanapakua vyote vitatu kwenye sahani moja, mnajua wenyewe jinsi sahani ya semina inavyokua, mlima. Nikasimama na sahani yangu nikamkumbuka yule kijana. Ukumbi huu uko mita 200 kutoka kafeteria anayokula yeye. Nilikua nimebandika mabango kwenye ukuta wa mtu anayekula nyama boom likiingia tu, na kwenye ukumbi wa wanaokula aina tatu kwa mlo mmoja sikubandika hata karatasi.

Nikarudi kwa Mama, maana bufee zile anapika yeye pia. Nikamuuliza kwa nini lazima aina tatu. Akasema, "Mgeni akikuta nyama moja anasema umebania. Sio njaa hiyo, ni heshima." Alikua sahihi, na ndo maana ukienda na lugha ya kupunguza unashindwa mlangoni, hakuna mwenyeji anayetaka kuonekana amepunguza. Kwaiyo tulikaa tukafikiria meza itakayoonekana imejaa zaidi. Mbaazi za nazi. Kisamvu kilichotwangwa kweli, na karanga. Choroko nzito. Bilinganya na nyanya chungu. Ndizi za nazi. Kachumbari ya kutosha. Hivyo vyote mwanzo wa meza, sahani ikiwa bado tupu, na kuku mwisho kabisa, anapakuliwa na mtu, kipande kimoja kimoja. Ng'ombe na samaki tukaacha. Hela ya ng'ombe na samaki ndo ilinunua nazi na karanga na bado ilibaki. Walioandaa semina iliyofuata niliwaomba siku nne kabla, na kwenye ratiba hatukuandika neno lolote.

Siku ile nilikaa karibu na meza makusudi. Watu wawili waliuliza samaki yuko wapi, Mama akawaambia leo hayupo, wakapakua mbaazi. Mzee mmoja profesa alirudi mara ya pili kwenye kisamvu, akamuuliza Mama umeweka nini humu, na Mama, ambae kwa miaka yote hajawahi kuulizwa chochote na profesa, akaacha mwiko akamweleza kutwanga, kuchemsha, tui la pili kwanza, tui zito mwisho. Walisimama pale muda mrefu foleni ikiwa nyuma yao. Ndoo ya makombo haikufika nusu.

Kwa wanafunzi kafeteria sasaivi hatugusi nyama yao. Tumepigania kitu kimoja tu, maharage yalowekwe kila siku na siku mbili kwa wiki yawekwe nazi, bei ile ile. Soseji na mayai ya chai ya saa nne bado vimenishinda, nimejaribu mihogo ya kuchemsha na karanga, viazi vitamu, magimbi, watu wanakula lakini wanauliza soseji, na sijapata dawa yake, mwenye wazo aniambie.

Alhamisi kuna semina ya siku mbili, watu 80. Mama kanitumia meseji muda huu kwamba mbaazi ameshazichambua na pipa la kulowekea limepasuka, kwaiyo kesho asubuhi naenda sokoni kutafuta lingine.